Dondoo muhimu: Kuzuru vilima vya Matumbi kwa kikundi

Mwaka 1905 watu walifuatana kwa makundi hadi Ngarambe kuchukua maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale. Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro, tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Kwa hiyo mkitoka Kibiti msipitilize Mohoro: shukeni, ombeni dua, ndipo mwelekee Nandete, ambako pamba iling'olewa na vita vya Majimaji vikaanza.

Masika msiende. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu Somanga. Agosti ni kukavu, nao ndio mwezi aliponyongwa Kinjikitile.

Jazeni mafuta Ikwiriri, kabla ya Daraja la Mkapa. Kosta inatosha kwenye lami. Kwa kupanda Kipatimu kuelekea Nandete tafuteni gari lililoinuka, na dereva aonyeshe tairi la akiba na jeki kwa macho yenu. Wazee wakae mbele, nyuma kunarusha sana. Nauli ikusanywe yote kabla ya siku, kwa mtu mmoja mwenye daftari.

Mkifika Nandete, pigeni hodi kwanza ofisi ya kijiji. Kwenye mnara wa kumbukumbu msikimbilie picha. Mwacheni mzee wa hapo asimulie hadi amalize, hata jua likizama.