SOMO LA USALAMA: WAVU CHINI YA MAFUNDI WA GHOROFA

Katika miji ya mpakani, mafundi na vibarua wa nchi mbili hujenga ghorofa moja. Aangukapo mmoja, msiba huvuka mpaka.

Wavu wa usalama hutandazwa karibu na mahali pa kazi kadiri iwezekanavyo. Kanuni za Marekani haziruhusu uwe zaidi ya mita 9.1 chini yake. Chini ya wavu pawe wazi, kwani hubonyea umpokeapo mtu.

Lilipojengwa daraja la Golden Gate, San Francisco, wavu uliwaokoa watu 19. Lakini tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito liliuangukia, likauchana, na watu 10 wakafa. Wavu humpokea mtu. Haukuwekwa kubeba mizigo.

Kwa hiyo:

1. Matofali, mbao na vyuma vilivyoangukia wavuni viondolewe kabla ya zamu inayofuata.
2. Kamba, mafundo na kulabu vikaguliwe kila wiki, na kila kitu kizito kiangukapo.
3. Wavu uliokatika au kuunguzwa na cheche usitumike.
4. Wavu wa kuvulia samaki si badala yake.

Uonapo watu wakifanya kazi juu ya wavu uliochanika, mjulishe msimamizi. Asiposikia, toa taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu, upande wowote wa mpaka uliopo.