Kazi ya Kusubiri Inamchosha: Aiache?

Mtu huchoshwa na siku zake pale akili inapotaka jambo la kushika isilipate. Mwaka 2012 wanasaikolojia wa Kanada, wakiongozwa na John Eastwood wa Chuo Kikuu cha York, waliieleza hali hiyo hivi: mtu anatamani shughuli ya kumridhisha, umakini wake haupati pa kutua, naye huona chanzo ni mazingira yaliyomzunguka. Huo si uvivu. Mvivu hataki kufanya kitu. Anayechoshwa anataka sana, ila hakioni.

Hiyo ndiyo hali ya msomaji wa Tanga mwenye umri wa miaka 27, wakala wa fedha za simu mwenye kibanda karibu na stendi. Asubuhi na jioni wateja hupanga foleni. Kuanzia saa tano hadi saa tisa huketi peke yake akitazama video fupi, na anapofunga kibanda anajihisi amechoka kuliko aliyeshinda shambani. Anauliza kama aiache kazi hiyo.

Barua yake inaonyesha kuwa foleni haimchoshi. Zinamchosha saa za kusubiri, na saa hizo zipo pia dukani, lindoni na mapokezi ya ofisi. Akihama bila kujifunza kuzitumia, atahama nazo.

Simu nayo inaongeza tatizo. Mwaka 2024 Katy Tam na Michael Inzlicht wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha majaribio kuhusu utazamaji wa video. Washiriki walidhani kurukaruka kutoka video moja hadi nyingine kungewaondolea uchoshi, lakini waliotazama video moja bila kuruka ndio waliochoshwa kidogo. Anayerukaruka haipi akili nafasi ya kuzama popote.

Akili huzama katika jambo lenye ugumu wa kadiri, kama alivyoandika mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi mwaka 1975. Wachezaji wa bao wanalijua hilo. Anayecheza na mwanagenzi hupiga miayo, anayecheza na fundi hukata tamaa, na anayecheza na wa kiwango chake husahau saa.

Kwa wakala huyu, shughuli inayofaa ni ile inayoweza kuwekwa chini mteja anapofika na kuendelezwa akiondoka. Kusuka ukili na kufuma vitambaa kuna sifa hiyo, na kazi ya mkono huonyesha ilipofikia kila jioni. Kazi yenyewe pia ina la kuchunguza: akiandika kila siku ni saa ngapi fedha taslimu hupungua na ni saa ngapi floti, yaani salio lake la simu, huisha, baada ya wiki chache ataweza kujiandaa mapema badala ya kuwarudisha wateja. Simu iwe na muda wake, na video inayoanzwa itazamwe hadi mwisho. Siku za kwanza mkono utaitafuta simu. Hilo ni la kawaida, na hupungua kadiri shughuli mpya inavyozoeleka.

Saa za jioni zinahitaji watu. Kikoba, kwaya, darsa au mazoezi humpa mtu wenzake wanaomsubiri, na anayesubiriwa ni vigumu kukaa ndani.

Ipo hali inayofanana na uchoshi ambayo haiondolewi kwa shughuli. Huzuni au kutofurahia hata vitu alivyovipenda, kukidumu kwa wiki mbili au zaidi, hasa pamoja na kukosa usingizi, hamu ya kula kubadilika au kujiona hana thamani, huenda ni sonona. Sonona ni ugonjwa, nayo hutibika hospitalini. Mawazo ya kujidhuru yakijitokeza, aende siku hiyohiyo bila kungoja wiki hizo.

Kama dalili hizo hazipo, kazi isiachwe sasa. Miezi miwili ya kuzijaza saa za kusubiri inatosha kupima. Uchoshi ukipungua, kasoro ilikuwa katika saa tupu. Ukibaki hata foleni inapokuwa ndefu, basi kazi yenyewe haimfai, na atafute nyingine huku kibanda kikiendelea kumpa riziki.