Leseni ya ukumbi haikupi albamu

Mpiga solo mmoja wa Soni, mkoani Tanga, ameniandikia kwa uchungu. Bendi yao ya watu watano hupiga mwisho wa wiki kwenye baa na harusi, kuanzia Mombo hadi Lushoto. Hufungua na zilipendwa, kisha huingia kwenye roki za Kizungu ambazo wageni wanaopanda milimani huziomba. Mwenye studio mmoja akaja na mitambo yake, akarekodi onyesho zima laivu, akawapa laki moja wagawane, na karatasi ya kusaini. Sasa albamu iko mtandaoni, na kila wimbo umeandikwa kuwa mtunzi ni prodyuza huyo, hata nyimbo zilizovuma kabla hajazaliwa. Juu ya hayo, mtu anayejiita ofisa wa hakimiliki anawapigia simu: watume laki tatu kwenye namba yake, la sivyo watashtakiwa kwa wizi wa nyimbo. Ndugu yetu anauliza: mwizi ni nani hapa?

Nianze na huyo wa simu, maana watu wa aina yake wamewakamua wanamuziki wa mikoani kwa miaka mingi. Malipo ya Serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti. Hayaendi kwenye simu ya mtu. Msitume hata shilingi. Tunzeni namba yake na jumbe zake, mripoti polisi, na muulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, kwa maandishi kama wanamtambua. Anayetumia jina la sheria kuwatisha maskini ni mhalifu, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Sasa mtego wenyewe. Wimbo mmoja una wenyewe zaidi ya mmoja. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mtunzi anamiliki tungo yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na haki hiyo huanza pale anapotunga, awe amesajili au hajasajili. Waliopiga na kuimba wana hakishiriki: hakuna anayeruhusiwa kurekodi onyesho lao la laivu bila ridhaa yao. Aliyerekodi naye ana haki kwenye rekodi yake, lakini rekodi tu.

Watu wengi hunaswa kwa kudhani ruhusa moja inatosha kwa yote. Leseni ya mwenye baa inahusu muziki kusikika pale ukumbini. Kibali cha onyesho kinahusu shughuli ya usiku ule. Hakuna hata kimoja kinachokupa haki ya kurekodi wimbo wa mtu na kuutia sokoni. Kurekodi ni kunakili, na kunakili kunataka ruhusa ya mwenye wimbo. Ukibadili maneno, au ukiutafsiri kwa Kisambaa, hiyo ni ruhusa nyingine tena.

Msiseme kwamba wakubwa wanapiga kopi za nyimbo za wengine bila kuulizwa. Tarehe 14 Februari 1970 kundi la The Who lilirekodi onyesho katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Albamu iliyotoka, Live at Leeds, ilikuwa na nyimbo sita, na tatu kati yake zilikuwa za watu wengine. Summertime Blues, kwa mfano, ni ya Eddie Cochran na Jerry Capehart. The Who waliupiga kwa kishindo chao wenyewe, lakini umiliki wa tungo haukuhamia kwao. Na Tanzania imo katika Mkataba wa Berne tangu mwaka 1994, kwa hiyo wimbo wa Mwingereza unalindwa Soni kama wimbo wa mtu wa Soni.

Mtego wa pili ni kuomba ruhusa kwa mtu asiyehusika. Aliyeuvumisha wimbo si lazima awe aliyeutunga. Tazama Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi ukavuma, Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M. nao wakaurekodi. Lakini Adam Salim, mzaliwa wa Tanzania, alidai kuwa yeye ndiye aliyeutunga, na mabishano hayo yamewazidi umri wote wawili. Kabla hujamlipa mtu, mwambie akuonyeshe kinachothibitisha kuwa wimbo ni wake.

Na ile karatasi? Isomeni upya. Kama mlisaini kuachia haki zenu za upigaji, laki moja ile inaweza kuwabana kweli, ndiyo maana mtu hasaini usiku, akiwa amechoka, bila nakala yake mkononi. Lakini hamkuweza kumpa prodyuza tungo ambazo si zenu. Ni sawa na kumuuzia mtu ng'ombe wa jirani. Jina lake kwenye nafasi ya mtunzi ni uongo, na sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa kwenye kazi yake. Kama ana cheti cha usajili, kisiwatishe: cheti ni ushahidi tu, na ushahidi hupingwa kwa ushahidi. Lakini nanyi mna sehemu yenu ya lawama, kwa kukubali kurekodiwa nyimbo ambazo hamkuziombea ruhusa. Andikeni barua kwa prodyuza na kwa mtandao unaouza albamu, mkitaka iondolewe hadi wenye nyimbo watajwe na kuridhia. Nakala ipelekeni COSOTA.

Hata hivyo siwezi kuitetea sheria yote. Chukua nyimbo za Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi za Tanga yetu hii. Nyingi za zama zile zilirekodiwa Radio Tanzania, bendi zikavunjika, na warithi wa watunzi hawajui kama wana haki yoyote. Kijana mwaminifu anayetaka kuurekodi upya wimbo wa aina hiyo hajui amlipe nani, na asipompata mwenye wimbo sheria inamtaka anyamaze. Marekani tangu mwaka 1909 imeweka njia: wimbo ukishatolewa kwa umma, mwingine anaweza kuurekodi akilipa kiwango kilichowekwa. Kwetu marekebisho ya 2022 yaliruhusu taasisi za wasanii zenye leseni kukusanya mirabaha, jambo jema, lakini mwanamuziki wa Soni bado anahitaji dirisha la kulipia kopi moja bila kusafiri hadi Dar es Salaam, kwa bei inayolingana na kipato cha baa ya kijijini, na fedha za mtunzi asiyejulikana zitunzwe hadi warithi wapatikane.

Bunge likiliacha hili hivi lilivyo, waaminifu wataogopa kurekodi, na soko watabaki nalo prodyuza mjanja na ofisa wa simu.