Shairi Liko Uani

Watu wengi, wa mjini na wa mashambani, hudhani kwamba shairi ni jambo la vita, la wafalme au la dini, na kwamba mtu asiyezaliwa Lamu au Mvita hana ruhusa ya kulitunga. Dhana hiyo imewanyima wengi raha, na tena si ya kweli. Ushairi wa Kiswahili tangu zamani umeingia jikoni, chumbani na uani, na hata chooni.

Neno hilo la mwisho si mzaha. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake Mwana Hashima wosia. Ndani ya utendi huo, pamoja na mambo ya Mungu na ya heshima, bibi huyo alimwagiza mtoto kufagia nyumba, kuosha choo, kuoga, kufunga nywele, na kutunga asumini za kuwekwa kitandani. Yawezekana kubishana na maagizo yake juu ya mume na mke, na wengi wamebishana nayo. Lakini haiwezekani kukana kwamba ua dogo jeupe la uani, linalochumwa jioni na kunyauka asubuhi, limekaa katika shairi kwa zaidi ya miaka 160 bila kunyauka.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, alikuwa mshairi wa vita vya Mazrui na Seyyid Said. Hata hivyo mtu huyo huyo alitunga pia juu ya mapenzi, njaa, fedha na mambo ya nyumba. Beti zake zilikaa vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor walipozikusanya, na kitabu chake kikatolewa mwaka 1940. Basi watu wa kawaida ndio waliozihifadhi, kwa kuwa zilisema mambo wanayoyajua.

Sasa yafaa kutoka pwani na kupanda bara, kwenda mahali ambapo wengi wangesema hapana shairi lolote: Kilimani, Nairobi. Mtaa huu uko magharibi ya katikati ya mji, upande wa kaskazini wa Barabara ya Ngong. Kabla ya Uhuru wa mwaka 1963 ulikuwa miongoni mwa mitaa iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu, na nyumba zake zilikuwa za mawe, zenye paa la vigae na bustani pana. Katika miaka ya karibuni nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa na ghorofa ndefu zimesimama mahali pake. Palipokaa jamaa moja na mparachichi wao, leo hukaa jamaa themanini na magari yao.

Mtu akiuliza bustani iko wapi, jibu ni kwamba imepanda ngazi. Iko kwenye roshani, ndani ya ndoo kuukuu, makopo ya rangi na magunia, humo mkiwa na sukuma wiki, dania na vitunguu vya majani. Nje, kando ya barabara, mijakaranda iliyobaki humwaga maua ya zambarau kabla ya mvua za vuli. Na mti huo nao ni mgeni, kwa maana asili yake ni Amerika ya Kusini. Alfajiri kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, hupita akilia kwa kelele kana kwamba anamdai mtu fedha. Wakazi humlaumu, na pengine wana haki. Lakini mtunzi asiyejua kelele hiyo hawezi kusema ameiona asubuhi ya Kilimani.

Kosa la mtunzi anayeanza ni kuyaruka mambo hayo na kukimbilia maneno makubwa. Tuseme kijana wa Kilimani ataka kumtungia shairi paka wa nyumbani kwao. Amejifunza shuleni kwamba kila mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nusu nane na nusu nane, na kwamba vina vya kati na vya mwisho hufanana katika ubeti. Aketi, aandike hivi:

Ewe paka wa thamani, uzuri wako watanda

Mizani imetimia, wala hapana wa kumkosoa kwa hesabu. Lakini huyu ni paka gani? Aweza kuwa wa Tanga, wa Kampala au wa London. Aweza hata kuwa si paka: mtu akitoa neno hilo na kutia dada, au njiwa, mshororo hausumbuki hata kidogo. Hiyo ndiyo njia ya kupima mshororo. Ukikubali kumwachia mwingine mahali bila kulalamika, bado haujasema kitu.

Basi kalamu na iwekwe chini, kijana atazame. Paka yu wapi saa hii? Amelala ndani ya ndoo ambayo mama ameotesha dania juzi, kwa sababu udongo ule umepata jua na una joto. Bibi, aliyekuja kutoka mashambani kwa matibabu, amesimama mlangoni na kumwona, wala hamfukuzi. Haya ndiyo mambo yenyewe, na vina vile vile vyatosha kuyabeba:

Paka kalala ndooni, dania mama kapanda,
Mbegu zimo udongoni, zangoja jua kupanda,
Bibi yuko mlangoni, hafukuzi, ampenda,
Shamba letu ghorofani, paka wetu alilinda.

Si shairi la kushinda tuzo. Lakini yafaa kuangalia jinsi lilivyotengenezwa. Katika kuhesabu mizani, herufi m ya mlangoni na ya ampenda husimama peke yake na kuhesabiwa, lakini mb ya mbegu na nd ya ndooni hushikana na irabu iliyo mbele yake. Neno panda limekuja mara mbili kwa maana mbili: kutia mbegu, na kwenda juu. Washairi wa zamani waliupenda sana mchezo huo, na hapa haukutafutwa mbali. Ulikuwa tayari ndani ya ndoo. Mshororo wa mwisho wasema paka analilinda shamba, hali msomaji amekwisha kuona kwamba ameliponda. Hapo kuna kicheko, na kicheko hicho kimetoka katika kutazama tu.

Kuhusu bibi, shairi halisemi kwamba ni mpole. Lasema hafukuzi. Tendo moja lililoonekana lashinda sifa kumi, hasa katika mambo ya jamaa, ambamo sifa zimechakaa kwa kutumiwa: mama mpendwa, baba mtukufu, ndugu wa damu. Maneno hayo husomwa kwenye mazishi, na baada ya juma moja hapana akumbukaye alisomewa nani.

Na jambo hili la mazishi halipitiki hivi hivi. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alitunga kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Watoto hao waliweza kuzisoma tenzi zao. Lakini shairi lake mashuhuri la Amina, mkewe, lilitungwa baada ya kufiwa naye. Maelfu ya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki wamelisoma, Amina hakulisikia.

Katika kila nyumba, ya Kilimani au ya kijijini, yuko mtu ambaye kazi yake ya kila siku haijatiwa katika mshororo hata mmoja. Yeye ndiye anayeamka kwanza, ndiye ajuaye ni mtoto gani hali maharagwe, ndiye afunikaye sahani ya chakula kwa sahani nyingine ili aliyechelewa kazini akikute na joto. Sahani mbili zilizofunikana mezani, taa imezimwa, watu wamelala: pengine hapana picha ya mapenzi iliyo wazi kuliko hiyo, na haitaki neno mapenzi.

Kwa hiyo mshororo ufuatao ni mwanzo tu, nao una mizani 16, na vina vyake ni ni na kwa:

Baba arudi jioni, sahani imefunikwa

Kina cha kwa si kigumu katika nyumba yenye jiko: kuna kupikwa, kuwekwa, kupakwa, kuandikwa. Mishororo mitatu iliyobaki ni ya msomaji, na aliyeifunika sahani hiyo asomewe ubeti ukikamilika, kabla vyombo havijaoshwa.