JINSI VIPIMO VYA BAHARI VINAVYOKAGULIWA

Kila mkazi wa pwani ajua ya kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Bandarini mwa Mombasa na Unguja viliwekwa vyombo vya kupimia usawa wa maji hayo mchana na usiku. Lakini chombo chaweza kukosea. Kwa hiyo yapasa hesabu zake zikaguliwe kabla ya kutumiwa.

Kwa nini uangalifu huo wahitajiwa? Tangu mwaka 1993 bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa milimita 3 hivi kila mwaka. Chombo kikishuka sentimita 3 tu pasipo mtu kujua, hesabu zake zitaonyesha kana kwamba bahari imepanda kwa siku moja kiasi cha miaka 10.

Ukaguzi una mambo matatu makubwa. Kwanza ni saa. Bamvua inapojaa, maji hupanda upesi katikati ya kujaa kwake, hata saa ikichelewa dakika 15 hesabu yaweza kukosea zaidi ya sentimita 10. Pili, hesabu hulinganishwa na maji yaliyotabiriwa, na pia na vipimo vya bandari za jirani. Tatu, mafundi hupima urefu wa chombo kutoka alama zilizokazwa katika mwamba au jengo imara, wapate kujua kama kimehama.

Hata hivyo, si kila hesabu ya ajabu ni kosa. Tarehe 26 Desemba 2004, baada ya tetemeko kubwa karibu na Sumatra, vipimo vya Lamu na Unguja vilionyesha maji yakipanda na kushuka nje ya desturi. Hayo yalikuwa mawimbi ya kweli. Kosa la chombo mara nyingi huonekana mahali pamoja tu. Wimbi la kweli hufuatana na mengine, nalo huonekana katika bandari nyingi.

Kwa sababu hiyo mkaguzi mwema hafuti hesabu ya asili. Huitia alama ya shaka, akaandika sababu yake, ili wajao waweze kuipima tena. Wajengao gati na kuta za kuzuia bahari hutegemea hesabu hizo; zikiwa na kosa, ukuta utakuwa mfupi kuliko maji.