Bangi Inapoingia Tumboni mwa Mtoto

Mmea wa bangi si mgeni kwa wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti. Hulimwa kwa siri katika bonde la Mto Mara, na mara kwa mara Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hufyeka na kuteketeza mashamba hayo. Makala haya yanamhusu mtu asiyelima wala kuvuta, yaani mtoto mdogo aliyekula bangi bila kujua.

Kemikali inayolevya katika bangi huitwa kwa kifupi THC. Katika jani bichi, sehemu kubwa yake imo katika umbo la asidi isiyolevya. Joto ndilo huigeuza. Kwa hiyo bangi iliyopikwa ni kali kuliko jani lililochumwa sasa hivi, na kwa kuwa THC huyeyuka katika mafuta, vyakula vyenye siagi huibeba vizuri. Ini nalo huibadilisha kuwa kemikali nyingine, ambayo hupenya ubongoni kwa urahisi zaidi. Mvutaji hulewa baada ya dakika chache. Mlaji aweza kukaa saa moja au mbili bila dalili. Mtoto aliyeonja biskuti tamu hatasubiri saa mbili ndipo achukue ya pili.

Tufanye hesabu. Jimbo la Colorado, Marekani, lilianza kuuza bangi kihalali kwa watu wazima mwaka 2014. Pakiti ya peremende huko huruhusiwa kuwa na miligramu 100 za THC, miligramu 10 kwa kila kipimo. Mtu wa kilo 60 akila kipimo kimoja hupata miligramu 0.17 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 12 akimaliza pakiti hupata zaidi ya 8, yaani mara 50! Husinzia, huyumba, hutapika, na pengine huzimia na kupumua kwa shida.

Mwaka 2017 vituo vya taarifa za sumu nchini Marekani vilipokea habari za watoto 207 wa chini ya miaka 6 waliokula vyakula vya bangi. Mwaka 2021 walikuwa 3,054. Kanada ilihalalisha bangi mwaka 2018, lakini jimbo la Quebec lilikataa peremende zake. Katika majimbo makubwa yaliyoziruhusu, watoto waliolazwa waliongezeka kuliko Quebec. Basi umbo linalouzwa lina uzito sawa na sheria yenyewe.

Kwetu bangi ni haramu, lakini biskuti zake zimekwisha kukamatwa Dar es Salaam. Tena uharamu una hatari yake: mzazi anayeogopa polisi huweza kunyamaza mbele ya daktari, naye daktari akatafuta malaria au homa ya uti wa mgongo, hata kumchoma mtoto sindano ya mgongoni bure. Matibabu hasa ni kulinda pumzi na kumwangalia mtoto mpaka sumu iishe. Asitapishwe, akisinzia alazwe ubavu, apelekwe hospitali upesi pamoja na mabaki ya chakula, na daktari aelezwe alikula nini na saa ngapi.