Biskuti za Oti

Katika milima ya Scotland kuna baridi na mvua nyingi, hata ngano haisitawi vizuri. Lakini oti, nafaka ambayo masuke yake huning'inia, husitawi hata penye udongo hafifu. Kwa hiyo watu wa huko tangu kale hufanya biskuti zao kwa unga wa oti.

Mpishi hutwaa vikombe viwili vya unga wenye chenga, chumvi kidogo, na kijiko kikubwa kimoja cha siagi iliyoyeyushwa. Kisha humimina maji ya moto sana, kidogo kidogo, mpaka unga ushikamane. Hapo ndipo penye kazi. Unga wa ngano ukikandwa hunata na kuvutika, bali wa oti hauvutiki; ukipoa, hupasuka kingo na kumomonyoka. Basi mpishi hana nafasi ya kuongea na jirani. Husukuma donge upesi lingali moto, likawa duara jembamba, naye hulikata pande nne.

Vipande huokwa juu ya bamba la chuma, kwa moto wa kiasi, mpaka kingo zijikunje. Havigeuzwi, upande wa juu hukaushwa mbele ya moto. Vikiwa vikavu, hukaa siku nyingi katika mkebe wenye kifuniko.

Jean Froissart, mwandishi wa karne ya 14, aliwaeleza askari wa Scotland walioingia Uingereza mwaka 1327. Kila mmoja alichukua juu ya farasi wake bamba na mfuko wa unga wa oti; nao walipochoshwa na nyama, waliwasha moto na kuoka biskuti palepale porini.